Zipu ya Arobaini na Saba

Newala, 5 Agosti 2024

Kwa Mangi Wilbert,
Duka la Vifaa vya Ushonaji,
Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo.

Shikamoo Mangi.

Mimi ni Zena, mtoto wa Bi Fatuma wa Gerezani, yule anayekuja kwako kununua nyuzi za madera na hatoki bila kubishana. Uliniona nikiwa mdogo, nimekaa juu ya marobota yako nakula karanga. Siku hizi ni mwalimu wa biolojia huku Newala, kidato cha tatu, na darasani kwangu nina wanafunzi kumi na mmoja wasioona. Hao ndio wamenifanya nikuandikie. Mama alijaribu kukueleza oda yangu pale dukani, ukamuuliza, "Huyo mtoto wako anataka kushona nini, hema?"

Nataka kushona seli ya mtu, Mangi.

Usicheke, nisikilize. Mwili wako wote umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Ngozi unayojikuna leo siyo ile ya miezi miwili iliyopita: seli za zamani zimekufa, mpya zimeshika nafasi. Hizo mpya zinatoka wapi? Seli moja inakula, inanenepa, inanakili maelekezo yote yaliyomo ndani yake, kisha inajigawa zinakuwa mbili. Maelekezo hayo yamekaa kwenye nyuzi arobaini na sita zinazoitwa kromosomu. Ziko jozi ishirini na tatu, na katika kila jozi moja ulipewa na baba yako, moja na mama yako. Wanafunzi wanaoona nawachorea ubaoni. Hawa wengine niwachoree wapi?

Ndipo nikakumbuka zipu. Kromosomu iliyokwisha kujinakili ina pande mbili zinazofanana, zimeshikana, kama zipu iliyofungwa. Seli ikigawanyika, zipu inafunguka: upande mmoja unaenda kwenye seli hii, wa pili unaenda kwenye ile. Mwanafunzi ataifungua kwa mkono wake mwenyewe, atasikia meno yanavyoachana.

Kwa hiyo naomba zipu za kukata kwenye roli, jozi ishirini na tatu, kila jozi na urefu wake. Orodha ya vipimo nimeiambatanisha. Katika kila jozi, moja iwe ya meno ya chuma, hiyo ni ya baba, na moja ya meno ya plastiki, hiyo ni ya mama, ili kidole kisipotee. Mtu wetu nimemfanya mwanamke, basi hata jozi ya mwisho, ile ya jinsia, zilingane. Niwekee na lastiki ya kutosha kuzungushia ukingo wa seli, na kamba laini za kuzivuta zipu kila upande.

Tafadhali Mangi, hesabu vizuri. Arobaini na sita.

Mwanao,
Zena Uledi


Kariakoo, 17 Agosti 2024

Mwalimu Zena,

Marahaba sana. Karanga nazikumbuka, na maganda uliyoniachia katikati ya vitambaa vya watu nayakumbuka zaidi. Kumbe hesabu zilikuingia.

Mzigo wako huo hapo. Nimekata mwenyewe kwa mkasi wangu, sikumwachia mtu, maana vipimo vyako ni vya kumtoa mtu jasho. Nimekaa kwenye zipu na vifungo miaka ishirini na miwili. Nimeuza zipu za suruali, za mabegi, za majoho ya mapadri, hata ya gauni la harusi moja lililofunguka mbele ya madhabahu, na hiyo kesi niliisikiliza wiki nzima. Lakini zipu za kumtengenezea mtu, hii ni mara ya kwanza. Mke wangu Matilda alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kumbe miaka yote hii unauza watu kwa mita."

Utaona nimekuandikia barua badala ya meseji. Kila mzigo unaotoka kwangu kwenda mkoani una barua ndani. Watu wananicheka hapa mtaani, wananiambia Mangi badilika. Nawaambia simu ya duka inashikwa na kila mtu, lakini barua ina mwenyewe. Na wewe ukitaka kunijibu, andika, mpe kondakta wa basi, atanifikishia.

Humo ndani nimekuwekea na nyongeza yako, msije mkasema Mchaga ana mkono wa birika. Mteja wa mbali hatoki dukani kwangu na hesabu kavu. Mzee aliyenifundisha kazi alinifundisha hivyo na mimi sijaacha.

Ukihitaji kingine agiza kabla ya Desemba. Unajua Wachaga, Desemba tunapanda kwetu, Kariakoo inabaki nusu. Mimi hupanda Rombo kila mwaka. Matilda hubaki kuangalia duka.

Wako,
Wilbert Tarimo


Newala, 2 Septemba 2024

Mangi, shikamoo, na umeniua!

Nimeshona seli yangu wiki nzima. Ni duara la kitambaa, ukilitandika sakafuni wanafunzi sita wanakaa kulizunguka. Siku ya somo nikawapa zipu zako wazipange, jozi kwa jozi, ndefu kwanza. Darasa kimya kabisa, vidole tu vinatembea. Mara Paskalina, msichana mmoja mwenye mdomo huyo, anasema, "Mwalimu, mtu wako ana zipu moja zaidi."

Nikamwambia rudia kuhesabu. Akarudia. Arobaini na saba. Nikamwambia mwenzake ahesabu. Arobaini na saba. Nikakaa chini nikahesabu mwenyewe, darasa zima linanicheka. Kwenye zipu fupi kuliko zote, badala ya mbili nilikuta tatu: ya chuma moja, za plastiki mbili. Nikajua tu, Mangi wa watu kachoka, mkasi umempitiliza.

Lakini sikia ajabu yake. Hiyo kromosomu fupi kuliko zote wataalamu wanaiita ya ishirini na moja. Na wako watu hapa duniani, wengi tu, wanaozaliwa nayo tatu, hivyo hivyo kama ulivyonifungia. Hali hiyo inaitwa Down. Nilikuwa nimepanga kuigusa mwakani. Nikaona somo limekuja lenyewe, nikalifundisha palepale. Mtu wa namna hiyo macho yake yameinuka kidogo pembeni, anachelewa kutembea, anachelewa kusema, pengine moyo wake unahitaji daktari. Anajifunza, ila kwa mwendo wake. Anacheka, ananuna, anapenda na kuchukia kama sisi.

Paskalina akauliza, "Sasa nani alikosea?" Nikamwambia hakuna. Yai la mama na mbegu ya baba zinatengenezwa kwa seli kugawanyika, na kila jozi inatakiwa iachane, moja iende huku, moja kule. Mara mojamoja jozi haiachani, zote mbili zinaenda upande mmoja. Ndani ya seli hakuna msimamizi wa kusema rudini.

Basi kosa lako limenipa kipindi kizuri kuliko vyote vya mwaka huu. Zipu sirudishi.

Mwanao,
Zena


Kariakoo, 14 Septemba 2024

Mwalimu,

Marahaba. Barua yako nimeipata.

Kwanza sikukosea. Arobaini na sita nilizihesabu mara tatu. Hiyo ya arobaini na saba ndiyo nyongeza niliyokuambia. Kilibaki kipande mwisho wa roli ya plastiki, kifupi, nikaona nikitupe cha nini, nikakipima kikalingana na ile fupi yako, nikakitia humo. Kwa roho nzuri tu. Mtu akipewa nyongeza kwetu hushukuru, hasemi umepitiliza.

Pili, nina swali. Hapa jirani yangu, muuza vitambaa, ana mtoto wa hivyo ulivyoandika. Ni wa kike, ana miaka sita. Macho ni hayohayo, kusema ni shida. Hospitali waliwaambia jina hilohilo la Down, wakawaandikia na kliniki ya moyo, lakini hawakuelezwa lilivyoingia, au walielezwa hawakusikia, maana mtu akipewa habari ya namna ile masikio yanaziba. Kwa mama yake jirani huko kwao walikwisha kupata jibu. Mke wake akiwa na mimba ya miezi mitano alibeba marobota dukani. Alikatazwa akabeba kwa ubishi wake. Basi wanasema ndiyo yaliyomharibu mtoto. Tangu mtoto azaliwe, mama na mtoto hawajapanda nyumbani Krismasi hata moja. Jirani anapanda peke yake. Wanaona ni bora watu wasiulize maswali.

Sasa wewe umeandika hakuna aliyekosea. Huyo mwanafunzi wako umemjibu kumfurahisha, au ndivyo ilivyo? Na hiyo ya tatu inatoka kwa mama au kwa baba? Ile niliyokufungia ilikuwa ya plastiki, na plastiki ulisema ni ya mama.

Jirani angependa kujua kabla ya Desemba. Usinijibu kwa simu. Matilda ndiye anayeshika simu, na haya ni mambo ya nyumba ya watu.

W. Tarimo


Newala, 29 Septemba 2024

Shikamoo Mangi,

Nisamehe kwa kukuita mkosaji. Nyongeza imepokelewa na nashukuru.

Sijamjibu Paskalina kumfurahisha. Ngoja nikueleze taratibu, nawe umweleze jirani yako vilevile, usimkatie katikati.

Sitakuficha: mara nyingi hiyo ya tatu inatoka kwenye yai la mama. Mara chache inatoka upande wa baba. Mama akiwa na umri mkubwa kidogo, nafasi ya jambo hilo huongezeka, lakini hata wasichana wadogo linawapata. Ukimtazama mtoto kwa macho huwezi kujua ilipita upande gani.

Ila sikiliza hapa. Mwanamke hatengenezi mayai mapya kila mwezi. Anazaliwa nayo. Huyo mama wa jirani yako, alipokuwa bado tumboni mwa mama yake mzazi, seli za mayai yake zilianza kugawanyika, zikafika katikati, zikasimama. Jozi zimeshikana hivyohivyo, hazijaachana. Zikakaa zinangoja miaka yote anatambaa, anasoma, anaolewa. Kila mwezi yai moja linaamka kumalizia kazi iliyoachwa tangu hajazaliwa. Na kwa kawaida ni hapo, jozi inapotakiwa iachane, ndipo moja hukataa. Yai halijakutana hata na mbegu ya mume! Hata likitokea upande wa baba, nako ni kabla mimba haijatunga.

Kwa hiyo siku ile mtoto anaanza kuwa seli moja, arobaini na saba zimo tayari. Seli hiyo inanakili zote arobaini na saba, inajigawa, zinakuwa mbili, nne, nane. Kufika mwezi wa tano wa mimba, mtoto ana mabilioni ya seli, na kila moja ina arobaini na saba zake. Robota gani litaingia humo likaongeze uzi kwenye seli zote hizo? Hata angebeba kontena zima. Angeweza kuumia mgongo, angeweza kupata hatari nyingine, lakini hili halikutoka kwenye robota.

Mangi, nimekasirika. Si kwako. Kwa huyo jirani. Miaka sita mwanamke anaambiwa amemharibu mwanawe kwa mikono yake, na yeye anaamini, maana nani atamwambia vinginevyo? Anaamka na hilo, anamwogesha mtoto na hilo. Kuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia neno? Mwambie jirani yako asingoje Desemba. Amwambie leo.

Zena


Kariakoo, 10 Novemba 2024

Mwalimu Zena,

Nimekaa kimya wiki sita na wewe si mtoto, naona umeshajua. Hakuna jirani. Mtoto ni wangu, anaitwa Joyceline. Mama yake ni Matilda.

Barua yako niliisomea chooni kwenye jengo letu, mlango nimefunga, kama mwizi. Nilipofika pale uliposema mara nyingi ni yai la mama, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema moyoni, basi si mimi. Kisha nikaendelea kusoma.

Nilikuandikia kwamba alibeba kwa ubishi. Si kweli. Siku ile mvua ilinyesha, barabara ya Jangwani ikafungwa na maji, wapagazi hawakuja, na gari la mzigo liko nje linataka kushusha. Nilimwambia, "Mama, nisaidie haya mawili matatu." Hayakuwa matatu. Hakusema neno, alibeba.

Mtoto alipozaliwa na daktari akasema alichosema, mimi nilijua papo hapo ni yale marobota. Hakuna aliyeniambia, nilijua mwenyewe, na kumbe nilijua uongo. Mama yangu aliponipigia kuuliza imekuwaje, nilimjibu kabla hata sijafikiri: "Matilda alibeba mizigo, nilimkataza hakusikia." Neno likapanda Rombo, likazunguka ukoo mzima, likarudi. Sikuweza tena kulikamata. Kila Desemba nakaa kule nakunywa mbege na ndugu zangu, wananipa pole kwa kuoa mbishi, nami napokea pole.

Desemba inakuja. Nataka safari hii nipande nao wote wawili. Joyceline hajawahi kumwona bibi yake ana kwa ana, anambusu kwenye picha. Lakini nikifikiria kumwambia Matilda, ulimi unakuwa mzito. Nikisema moja, itabidi niseme yote.

Nakuomba hivi. Wewe ni mtaalamu. Mwandikie Matilda barua, umweleze habari ya mayai na marobota kama ulivyonieleza mimi, yatoke kwako, yatoke kwenye sayansi. Atafurahi, nitamchukua tutapanda, na mama nitamwonyesha barua hiyohiyo. Hilo la nani alimtuma nani, na nani alisema nini, halina haja. Nisipolisema hakuna atakayeumia zaidi.

Nisaidie, mwanangu.

Wilbert


Newala, 20 Novemba 2024

Mangi,

Shikamoo. Sikuwa nimejua. Nilidhani jirani yupo na nilikuwa namtukana kimoyomoyo. Niliposoma barua yako nililia, halafu nikaingia darasani na macho mekundu, bahati nzuri darasa langu nusu hawaoni na nusu wana adabu.

Karatasi ya Mama Joyceline nimeiandika, imo humu, haijafungwa. Nimeeleza mayai, nimeeleza marobota, nimeandika kwa maneno ya kawaida asihitaji mtu wa kumfasiria. Nimemwambia hakufanya kosa lolote, na nimerudia mara mbili.

Nani alimtuma na nani alisema nini sikuandika, na sitaandika. Hilo si somo la biolojia. Ukimpa karatasi yangu peke yake, atajua hana hatia, lakini ataendelea kuishi na mtu aliyemwachia hatia miaka sita, na hatajua. Mimi siwezi kukusaidia kumfanyia hivyo. Umenilea kwa karanga, nakupenda, ndiyo maana nakuambia.

Soma mwenyewe mbele yake. Ukimaliza langu, sema lako.

Zena


Kariakoo, 9 Januari 2025

Mwalimu Zena,

Heri ya Mwaka Mpya. Hatujaonana, ila barua zako zote nimezisoma, kwa sababu aliniletea zote pamoja na nakala za zile alizokuandikia. Wilbert huandika kila barua mara mbili, ya mteja na ya kwake, ndiyo tabia yake. Mimi ni Matilda.

Ilikuwa Jumapili tumetoka kanisani, mtoto kalala mchana. Wilbert akakaa mezani, akavaa miwani, akanisomea karatasi yako kwa sauti kama anasoma waraka wa Askofu. Mwalimu, sijui nikuambieje. Alipofika kwenye mayai yanayongoja tangu mtu yuko tumboni mwa mama yake, nilisema simama, rudia. Akarudia. Nikasema rudia tena. Miaka sita nimekuwa nikimwogesha yule mtoto namwomba msamaha kimya kimya, kila siku, maji yakimwagika. Nilikuwa namwomba msamaha kwa kitu ambacho sikumfanyia.

Akaiweka karatasi chini, akavua miwani, akasema, "Na ni mimi niliyekutuma ubebe."

Nikamwambia, "Najua, Wilbert. Si nilikuwepo?"

Aliniangalia kama hajawahi kuniona. Alidhani nimesahau! Mwanamke asahau mzigo aliobeba na tumbo la miezi mitano? Nilikumbuka hata rangi za vitambaa. Mama mkwe aliponiuliza kama nilibeba, nilijibu ndiyo nilibeba, nikaishia hapo. Sikusema nani alinituma, nilimwonea huruma mume wangu. Nilisema mmoja akilaumiwa inatosha, na mimi tayari nalaumiwa.

Kisha akaniambia alivyomjibu mama yake kwenye simu. Ambalo sikulijua ni kwamba alinitangulia kusema. Nilidhani neno la ubishi mama mkwe kalitunga mwenyewe, kumbe lilitoka mdomoni mwa mtu niliyekuwa namsitiri. Hilo ndilo lililoniuma, Mwalimu. Marobota yangenivunja mgongo lakini hili lilinivunja mimi. Siku nne sikumsemesha. Nilikuwa nauza zipu, nikimaliza napika, nikimaliza nalala. Aliomba msamaha mpaka wauzaji wa mlango wa pili wakajua kuna jambo.

Siku ya tano nikamwambia: "Utapanda peke yako, mapema. Utakaa na mama yako na ndugu zako wote, useme ulivyoniambia mimi, neno kwa neno. Kaka yako Ansbert atanipigia. Nikisikia umesema, nitakuja na mtoto. Ukipunguza hata neno moja, nabaki Kariakoo na sitatoka tena."

Alipanda tarehe kumi na nane Desemba. Tarehe ishirini shemeji Ansbert alipiga. Alikohoa kwanza. Akasema, "Shemeji, amesema. Yote. Mbele ya mama. Amelia mpaka tukamwonea aibu. Njooni." Nikamfunga Joyceline viatu vipya, tukapanda basi.

Sitakudanganya kwamba mama mkwe alinikumbatia. Mama yule hakumbatii mtu. Joyceline alimwinamia akasema shikamoo yake, ambayo mtu asiyeizoea hawezi kuitambua, na bibi akajibu marahaba. Akamtazama muda mrefu. Akasema ana masikio ya marehemu mume wake. Basi, akarudi kwenye chungu chake. Hakuniomba radhi, nami sikuwa nimekwenda kudai. Siku ya Krismasi walichinja mbuzi, na shemeji akaanza kuwaita wajukuu mmoja mmoja waje wachukue fungu, kama wanavyofanya kila mwaka, na mimi hata sikujua wanafanya hivyo. Alipoita "Joyceline wa Wilbert" mtoto akakimbia, akaanguka, akainuka, akafika. Nilienda nyuma ya nyumba nikajifuta uso kwa khanga.

Wilbert sijamsamehe bado. Namwambia hivyo waziwazi, naye ananijibu "sawa, Mama Joy," na tunaendelea. Nadhani nitafika. Sitaki kusema nimefika wakati bado niko njiani.

Wakati wa kurudi, mama mkwe akasema mtoto aachwe mpaka shule zifunguliwe, kama wenzake wanavyoachwa. Nikasema sawa, lakini baba yake abaki naye, dawa zake anazijua. Kwa hiyo safari hii Wilbert yuko Rombo na mtoto, mimi nimeshuka peke yangu nimefungua duka. Nakuandikia nikiwa kaunta, wateja wachache, nusu ya mtaa bado wako milimani.

Jana mchana simu ya duka ililia. Nikapokea nikidhani ni mteja. Ni mama mkwe. Miaka sita hajawahi kunipigia, mimi nilikuwa napewa salamu zake kupitia Wilbert, na mara nyingine hazikuwa salamu. Hata hakunisalimu. Akasema, "Huyu mtoto hali. Baba yake kaenda sokoni, mimi nimempikia ndizi nzuri, anasukuma bakuli."

Nikamwambia, "Mama, ziponde. Weka chumvi kidogo, subiri zipoe ziwe vuguvugu. Kijiko mpe ashike mwenyewe."

Nikamsikia anaweka simu chini, anaponda. Nikangoja. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli, na mwanangu anacheka kile kicheko chake akishiba.

Mama mkwe akarudi kwenye simu. Akasema, kwa ukali kabisa, "Sasa mbona miaka yote hii hukuniambia anakula hivi?"

Nikasema, "Hukuniuliza, mama."

Nikamsikia anakwangua bakuli. Kisha akasema, "Ni kweli. Sikukuuliza."

Matilda,
mama yake Joyceline